Katogota: Kwa nini redio ya mbali huja jioni ya kiangazi na kupotea asubuhi

KATOGOTA, bonde la Ruzizi – Kuna ubishi mmoja ambao hurudi kila kiangazi katika vijiji vya kandokando ya barabara ya taifa nambari 5, kutoka Kamanyola hadi Uvira. Mtu mmoja anasema jana jioni, saa moja hivi, redio yake ya FM ilishika kituo cha mbali sana: lafudhi si ya hapa, matangazo ya biashara ni ya mji asioujua. Wenzake wanamcheka. Anawaita waje wasikie. Wanafika kesho yake asubuhi, wanazungusha kitufe kutoka mwanzo hadi mwisho, na mahali palepale hakuna kitu ila mchakacho kama wa mvua juu ya mabati. Yule mtu anabaki mwongo wa kijiji hadi kiangazi kijacho.

Kwa aliye nyumbani kwake, huo ni mchezo tu. Kwa aliyevuka Ruzizi na mtoto mgongoni, si mchezo. Familia zilizokimbilia Burundi hutafuta vituo vya Uvira ili kujua kama njia ni salama, nani amefika, nani hakuonekana. Jioni wanapata kituo vizuri, kesho yake mchana hakipo. Kabla ya jua kutua habari imeshazunguka mahema yote: redio imenyamaza, basi mji umeharibika. Mtu hufunga mizigo au hufungua mizigo kwa sababu ya redio. Mara nyingine aliyesema hivyo alikuwa sahihi, kwa maana mtambo ulikuwa umeporwa au umekosa mafuta. Mara nyingine ilikuwa hewa tu.

Kutofautisha hayo mawili kunawezekana, na historia yake ni ndefu kuliko watu wengi wanavyodhani.

Bonde lenye hali ya hewa tatu

Inafaa kuanza na ardhi yenyewe. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Mto Ruzizi unatoka huko, unashuka kwa makorongo hadi Kamanyola, halafu unapunguza mwendo na kupita katika bonde pana hadi Ziwa Tanganyika, lililo mita 770 hivi. Magharibi imesimama milima ya Itombwe, ambayo vilele vyake vinapita mita 3,000. Mashariki, ng'ambo ya mto, iko milima ya Burundi, ambayo nayo inapita mita 2,500. Katogota iko chini, katikati ya kuta hizo mbili, kaskazini ya Luvungi.

Anayetoka hapo na kupanda kuelekea Lemera anaacha joto la mpunga na mihogo, na jioni anaomba blanketi. Kwa mwendo wa siku moja mtu anapita katika hali ya hewa tatu: ziwa lenye unyevu, bonde kavu lenye joto, na milima yenye ukungu na baridi. Hewa hizo hazikai kila moja kwake. Zinatembeleana kila siku, na zinapokutana hazichanganyiki upesi. Iliyo nzito inalala chini, iliyo nyepesi inakaa juu yake, kama mafuta juu ya maji. Jambo hilo ndilo litakaloeleza ubishi wa Katogota, lakini kwanza kuna redio za aina nyingine za kuondoa njiani, kwa sababu watu huzichanganya.

Wakati redio zilipopiga dari

Redio zilizosikilizwa kwanza na watu wengi katika bonde hili hazikujali milima. Zilikuwa za mawimbi mafupi. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, ya Sauti ya Amerika mwaka 1962, ya Deutsche Welle mwaka 1963. Mitambo ilikuwa nchi za mbali, na sauti ilifika kwa sababu juu sana, kati ya kilomita 100 na 400 hivi, kuna tabaka la hewa lililochajiwa umeme na jua. Mawimbi mafupi yakilifikia hurudishwa chini kama mpira uliopigwa kwenye dari. Mwingereza Edward Appleton alithibitisha kuwapo kwa dari hiyo katika miaka ya 1920, na mwaka 1947 akapewa Tuzo ya Nobel. Waliokuwa watu wazima zama hizo wanakumbuka jinsi sauti ilivyokuja na kuondoka kama mawimbi ya ziwa, na jinsi waya uliofungwa juu ya mwembe ulivyosaidia.

Pwani hii hii ya Tanganyika ilishuhudia nguvu ya dari hiyo mwaka 1965. Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma mwezi wa Aprili, akakaa na waasi katika milima ya Fizi hadi Novemba. Wakati huo meli moja ya Marekani, USNS Private Jose F. Valdez, ilikuwa ikizunguka katika Bahari ya Hindi mbele ya Dar es Salaam, kazi yake ikiwa kusikiliza. Ujumbe wa redio uliotoka kwake na uliokwenda kwake ulinaswa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka mafichoni. Milima ilimficha asionekane na majirani, lakini juu ya kichwa chake hapakuwa na mlima.

FM ni kitu kingine kabisa. Wimbi lake lina urefu wa mita 3 hivi, na likifika kwenye dari hiyo kwa kawaida halirudi. Linatoboa na kwenda zake. Kwa hiyo FM husikika pale ambapo mlingoti unaweza, kwa namna ya kusema, kuona. Mafundi wana hesabu nyepesi: chukua urefu wa mlingoti kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4. Mlingoti wa mita 100 unafika kilomita 40 hivi. Ukiwekwa juu ya mlima, mita 900 juu ya bonde, unafika kilomita 120. Ndiyo maana mafundi hubeba mitambo hadi vilele, hata pasipo barabara. Na ndiyo maana Uvira na Bujumbura, zinazotazamana kwa maji ya chini ya kilomita 30, zimesikilizana siku zote bila muujiza wowote. Kigoma, iliyo kilomita 170 hivi kutoka Uvira kwa mstari wa ndege, ni hadithi tofauti.

FM ilienea huku pamoja na vita na wakimbizi. Radio Maendeleo ilianza Bukavu mwaka 1993. Agosti 1994, wakimbizi wa Rwanda walipokuwa wamejaa Kivu, waandishi wa habari kutoka Uswisi walianzisha hapo Bukavu Radio Agatashya, redio iliyokusudiwa watu waliopoteza makao. Ilizimwa na vita vya mwishoni mwa 1996. Ng'ambo ya mto, Radio Publique Africaine ilianza mwaka 2001 na Isanganiro mwaka 2002. Tarehe 25 Februari 2002 ikaanza Radio Okapi, kazi ya Umoja wa Mataifa na Fondation Hirondelle, ikitangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo. Katogota ina sababu yake ya kukumbuka mwaka huo: raia walipouawa hapa tarehe 14 Mei 2000, ilikuwa imebaki karibu miaka miwili kabla ya redio hiyo kuanza.

Hivyo kizazi kizima cha bonde kimejifunza redio kwa FM, na kimejifunza pia kwamba FM haifiki mbali. Halafu jioni moja ya Julai inafika.

Aliyehamishwa na vita akaisoma hewa

Wa kwanza kushangazwa hadharani alikuwa Guglielmo Marconi. Mwaka 1932 aliweka mtambo wa wimbi fupi mno, la sentimita 57, Rocca di Papa karibu na Roma. Wataalamu wengi wa wakati ule walisema mawimbi ya namna hiyo huishia kwenye upeo wa macho, na upeo wa mtambo wake ulikuwa kilomita 116 hivi. Agosti mwaka huo ishara zake zilipokelewa Golfo Aranci, kisiwani Sardinia, kilomita 269 kuvuka bahari. Ni mbali kuliko kutoka Uvira hadi Kigoma. Marconi aliona jambo lenyewe, lakini maelezo kamili hakuwa nayo.

Maelezo yalikuja na vita vya pili vya dunia, kwa sababu ghafla pwani za dunia zilijaa radar, na radar ikidanganywa na hewa watu hufa. Huko Bombay, India, radar ya megahezi 200 ilikuwa ikionyesha pwani ya Arabia ng'ambo ya bahari, zaidi ya kilomita 1,600, wakati ilipaswa kuishia makumi machache ya kilomita baharini. Ilifanya hivyo katika msimu wa joto. Pepo za monsuni za kusini-magharibi zilipoingia na mvua, Arabia ilitoweka kwenye kioo na radar ikarudi kuwa radar ya kawaida. Bahari ni ile ile, mashine ni ile ile, msimu ndio uliobadilika. Mabaharia wa majahazi waliokwenda na kurudi kati ya India, Oman na Zanzibar waliyajua majira hayo kwa karne nyingi, ila wao waliyapima kwa tanga.

Lakini kwa mtu wa bonde la Ruzizi, aliyestahili kujulikana zaidi ni mwanamke mmoja aliyefanya kazi New Zealand. Elizabeth Alexander alizaliwa Uingereza mwaka 1908 na alisomea miamba, si redio. Aliishi Singapore na mumewe Norman, mwalimu wa fizikia. Mwanzoni mwa 1942, jeshi la Japani lilipokaribia, alisafirishwa hadi New Zealand na watoto wake watatu. Tarehe 15 Februari Singapore ikaanguka. Mume akabaki huko kama mfungwa, na mke akajikuta katika nchi ya watu, bila nyumba ya kurudia, akiwa na midomo mitatu ya kulisha. Alipata kazi Wellington katika maabara ya serikali ya radar, na akaongoza kitengo cha utafiti wake hadi 1945. Ni yeye aliyechunguza kelele za ajabu zilizoingia kwenye radar za kisiwa cha Norfolk jua likichomoza na kuzama, akaonyesha kwamba kelele hizo zilitoka kwenye jua lenyewe. Kwa kazi hiyo anatajwa miongoni mwa waanzilishi wa elimu ya nyota kwa njia ya redio.

Kazi yake nyingine ndiyo inayohusu Katogota. Katika kisiwa cha kusini cha New Zealand kuna safu ya milima mirefu, chini yake uwanda wa Canterbury, na mbele ya uwanda ni maji. Upepo ukivuka milima ile huacha mvua upande wa pili, ukateremka uwandani mkavu na wa joto, halafu ukatandaza juu ya hewa baridi ya bahari. Siku hizo radar za pwani ziliona mbali kupita kiasi. Alexander alianzisha uchunguzi wa jambo hilo, na baada ya vita, mwaka 1946 na 1947, mradi wa Canterbury uliendelea nao kwa kupima hewa ile tabaka kwa tabaka. Mlima, uwanda, maji: mtu wa Uvira haitaji kuonyeshwa ramani.

Walichokikuta ni hiki. Wimbi la redio husafiri polepole kidogo zaidi katika hewa ya baridi na yenye unyevu kuliko katika hewa ya joto na kavu. Tofauti ni ndogo mno, ya kuhesabiwa kwa sehemu za milioni, lakini inatosha kulipinda wimbi kuelekea chini. Siku ya kawaida mpindo huo ni mdogo. Dunia inajikunja haraka zaidi, na wimbi linaachana nayo na kupotea juu. Hewa ya baridi na unyevu ikilala chini, na hewa kavu ya joto ikakaa juu yake kama kifuniko cha sufuria, mpindo unaongezeka. Ukifika mara nne ya kawaida, wimbi linapinda sawasawa na dunia, au zaidi. Likitaka kupanda linarudishwa. Likigusa ardhi au maji linaruka tena. Linasafiri kama maji katika mfereji wa shamba la mpunga, bila kutapanyika, na ndiyo sababu wataalamu huita njia hiyo mfereji. Julai 1957 mfereji wa namna hiyo juu ya Pasifiki uliwaunganisha John Chambers wa California na Ralph Thomas wa Hawaii, watu wawili wenye mitambo ya kujipendea, kwa masafa ya megahezi 144. Kati yao kulikuwa na kilomita 4,000 hivi za bahari.

Jioni ya kiangazi, Katogota

Sasa turudi bondeni. Mchana wa Julai ardhi kavu inachemka, na hewa ya joto inapanda. Kutoka kusini, hewa ya ziwa yenye unyevu na ubaridi kiasi inaingia kwa chini kufuata mto, na juu yake inabaki hewa kavu ya joto. Jua likizama, ardhi isiyo na mawingu juu yake inapoteza joto haraka. Wakati huohuo baridi ya Itombwe na ya milima ya Burundi inateremka kwa makorongo, inalijaza bonde kama maji yanavyojaza bakuli. Kifuniko kimefungwa.

Mtu yeyote anaweza kukiona bila chombo. Atazame moshi wa majiko. Siku za mvua moshi hupanda na kutawanyika. Jioni ya kiangazi hupanda kidogo, husimama, halafu hutandaa juu ya mapaa kama shuka, na harufu ya majani yaliyochomwa hubaki kijijini hadi asubuhi. Moshi huo umegonga kifuniko kile kile ambacho wimbi la redio linakigonga.

Hata hivyo moshi kulala hakutoshi. Unene wa mfereji lazima ulingane na wimbi. Mfereji mwembamba wa mita 15 juu ya maji unatosha kuibeba radar, kwa kuwa wimbi lake ni la sentimita. FM, yenye wimbi la mita 3, inataka mfereji wa mita 200 na zaidi. Ndiyo maana jioni ni nyingi na sauti za mbali ni chache, na ndiyo maana yule mwongo wa kijiji hawezi kurudia kesho alichokisikia jana. Ziwa nalo lina tabia yake. Maji ya Tanganyika hukaa na joto la nyuzi 24 au zaidi usiku kucha, hivyo usiku ukisonga huipasha hewa iliyo juu yake na kukilegeza kifuniko, wakati bondeni bado kimebana. Sauti iliyokuja kwa njia ya maji saa moja usiku yaweza kukatika kabla ya usiku wa manane.

Jambo moja huwashangaza hata mafundi. Mtambo mkubwa uliopandishwa kileleni upo juu ya kifuniko, kwa hiyo wimbi lake haliingii mferejini kirahisi. Mtambo mdogo wa redio ya jamii, uliowekwa chini kando ya ziwa kwa kukosa fedha za kupanda mlima, unaweza kuingia na kwenda mbali kuliko mkubwa. Huenda ndiyo mara pekee ambapo umaskini unasaidia antena.

Asubuhi, saa mbili au tatu hivi, ardhi imeshapata joto. Hewa ya chini inaanza kupanda, tabaka zinachanganyika, moshi unasimama wima. Mfereji umevunjika na kituo kimekwenda. Mvua za Septemba na Oktoba zikirudi, dhoruba huichanganya hewa kuanzia chini hadi juu, na hadithi inaisha hadi mwaka unaofuata, kama ilivyokuwa kwa radar ya Bombay.

Kituo kimepotea, au kimezimwa?

Redio ya FM ina tabia nyingine inayohitaji uangalifu kuliko zote. Vituo viwili vikifika kwenye namba moja, haivichanganyi kama redio za zamani zilivyofanya. Hushika chenye nguvu zaidi na kukifuta kingine. Aliye pembezoni, mahali ambapo kituo chake cha nyumbani hufika kwa udhaifu, anaweza jioni moja kufungua namba aliyoizoea na kukuta lugha nyingine, watangazaji wengine, nyimbo nyingine. Kituo chake hakijaenda popote. Kinatangaza kama jana, ila sauti ya mbali imepita mferejini na kukifunika.

Mahali pa amani mtu husema tu "ajabu" na kubadilisha namba. Katika bonde ambalo vijiji vimebadilisha mikono mara nyingi, mgeni anayesikika kwenye namba ya nyumbani anaeleweka kwa namna moja: wameiteka redio. Tetesi kama hiyo ikianza saa moja usiku katika kambi yenye maelfu ya watu, hakuna wa kuizima kabla ya asubuhi, na asubuhi hewa imeshafuta ushahidi.

Ukimya wa watu una sura tofauti. Tarehe 13 na 14 Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi Burundi, vituo vya Bujumbura vilishambuliwa na kuzimwa: Radio Publique Africaine, Isanganiro, Bonesha, Renaissance. Mei ni mwanzo wa kiangazi, lakini ukimya ule haukungoja jua wala moshi. Ulikuwa ule ule asubuhi, adhuhuri na usiku. Machi 2025 Sauti ya Amerika ilinyamaza baada ya zaidi ya miaka 60 ya Kiswahili. Ile ilikuwa amri ya serikali ya Washington, na hewa haikuhusika. Na vita vilipoteremka na barabara Desemba 2025, kupitia Kamanyola, Katogota, Luvungi na Sange, hadi M23 ilipoingia Uvira tarehe 10, ulikuwa msimu wa mvua, wakati mifereji ya hewa ni adimu. Kituo kilichopotea siku zile hakikuwa na moshi wa kusingizia.

Kwa hiyo aliye mbali na anayetafuta habari za kwao asihukumu kwa kituo kimoja, wala kwa saa moja. Kipimo kizuri ni mchana, kati ya saa tano na saa tisa, hewa ikiwa imechanganyika na FM ikifika tu pale inapofika kila siku. Kituo kinachosikika mchana leo, kesho na keshokutwa ni cha jirani; kikikosekana mchana kwa siku mbili mfululizo kuna jambo, ingawa mara nyingi jambo lenyewe ni petroli ya jenereta. Kinachosikika jioni tu ni mgeni, hata kikiwa cha mji wa nyumbani, na kuondoka kwake hakumaanishi kitu. Vituo kadhaa vya upande mmoja vikififia pamoja jua likipanda, hiyo ni hewa. Kimoja kikikatika katikati ya neno saa sita mchana huku jirani zake wakiendelea, hiyo si hewa. Na anayesikia lugha ngeni kwenye namba yake asubiri mtangazaji ataje jina la kituo na la mji kabla ya kuwaamsha wengine. Vituo hujitaja, haichukui muda mrefu.

Elizabeth Alexander alimpata mumewe akiwa hai mwaka 1945, baada ya zaidi ya miaka mitatu. Baadaye walihamia Afrika, Ibadan nchini Nigeria, Norman akifundisha fizikia chuoni; Elizabeth alifariki huko Oktoba 1958, muda mfupi baada ya kukabidhiwa idara ya jiolojia.

Na yule mtu wa Katogota anayeitwa mwongo kila kiangazi, akisikia tena, asingoje kukuche. Awaite wenzake jioni ileile, moshi ukiwa bado umelala juu ya mapaa.